Kila Nikikaa Kimya, Mawazo Yanazidi

SWALI: Bi Mshauri, shikamoo. Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Mikindani, na kazi yangu ni kubangua korosho katika kikundi cha akina mama. Mama yangu mzazi alifariki muda mfupi kabla ya msimu uliopita. Jioni yake ya mwisho alinipigia simu, nami sikuipokea kwa kuwa nilikuwa hoi kwa uchovu. Nikasema nitampigia asubuhi. Asubuhi hiyo ndiyo niliyoletewa habari za msiba, na tangu hapo simu ile haijanitoka kichwani. Mdogo wangu amenifundisha taamuli: nikae, nifumbe macho, niondoe mawazo yote. Nimejaribu kwa majuma matatu, nusu saa kila usiku, lakini kila nikikaa mawazo yanazidi, nami nainuka nikilia. Nakosea wapi? Mama mkwe naye anasema hiyo ni ibada ya dini ya watu.
Mbanguaji, Mikindani

JIBU: Marahaba, mwanangu, na pole sana kwa msiba.

Kosa limo katika sharti moja ulilopewa, yaani kuondoa mawazo yote. Sharti hilo halitekelezeki, na sijui nani aliyelieneza, maana karibu kila anayeniuliza kuhusu taamuli hulitaja. Mwaka 1987 mwanasaikolojia wa Marekani, Daniel Wegner, na wenzake walichapisha matokeo ya jaribio ambalo wanafunzi waliambiwa wasimfikirie dubu mweupe kwa dakika tano, na wagonge kengele kila akiwajia. Kengele ziliendelea kulia, na waliporuhusiwa kumfikiria, dubu yule aliwajia mara nyingi kuliko alivyowajia wenzao walioruhusiwa tangu mwanzo. Ikiwa dubu asiyewahusu ndewe wala sikio hakufukuzika, simu ya mama mzazi utaifukuzaje?

Taamuli ninayoikusudia mimi ni kukaa na wazo huku ukijua kwamba lipo, bila kulisukuma na bila kulifuata. Kulifuata ndiko kunakokuchosha zaidi: simu inakukumbusha uchovu, uchovu unakuletea lawama, lawama inakuhukumu kuwa u mtoto mbaya, na kufikia hapo nusu saa imekwisha. Wewe mbanguaji mikono yako inalijua jambo hili kuliko mimi. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, nanyi hamuikimbii kazi kwa sababu hiyo. Mnajipaka majivu au mafuta mikononi, mnaishika korosho moja, mnaivunja, mnaiweka, kisha mnachukua nyingine.

Kwa hiyo achana na nusu saa. Anza na dakika tano, na kwa sasa usifumbe macho, bali yateremshe yatazame mkeka ulio mbele yako. Sikia uzito wa mwili pale ulipokalia, kisha ifuate pumzi inavyoingia na kutoka puani. Simu itakuja. Ikija, itaje kimoyomoyo kwa jina lake, "majuto" au "huzuni", uangalie imekaa wapi mwilini, kooni au kifuani, kisha urudi kwenye pumzi. Ukirudi mara arobaini katika dakika hizo tano, umefanya taamuli mara arobaini. Usibishane na wazo wala usilitafutie jawabu. Ila ujifunze kutofautisha kusema "mimi ni mtoto mbaya" na kusema "limenijia wazo kwamba mimi ni mtoto mbaya". Machozi yakitoka, yaache yatoke. Kumlilia mama si ugonjwa, na wala sikuahidi kwamba majuto yatakwisha kwa njia hii.

Mama mkwe hajakosea kabisa. Asili ya mazoezi haya ni mafundisho ya Kibudha, lakini mwaka 1979 Jon Kabat-Zinn, mwanasayansi wa Marekani, aliyaingiza katika hospitali ya chuo kikuu huko Worcester, jimbo la Massachusetts, yakiwa mafunzo ya majuma kadhaa yasiyo na ibada ndani yake, kwa wagonjwa wenye maumivu ya muda mrefu. Kufuata pumzi hakukudai umwombe yeyote. Hata hivyo, ikiwa nafsi yako haitulii kwa hilo, usigombane na mama mkwe. Kaa dakika zako tano juu ya mswala baada ya sala, au uzitumie kazini, ukiisikiliza korosho inavyopasuka mkononi.

Jambo moja silikubalii mzaha. Ukiona kukaa kimya kunakuzidishia hofu kila siku, ama usingizi na hamu ya chakula vimekupotea kwa majuma mawili, simamisha mazoezi uende ukamwone daktari. Hospitali ya Rufaa ya Ligula haiko mbali nawe. Na likikujia wazo la kujidhuru, usingoje kupambazuke: mwamshe mumeo au huyo huyo mama mkwe, mwende usiku huo huo.