Jibu: Ufundi wa asili kwa asiyependa hesabu, Mwanza

Mdogo wangu, umeuliza kama hapa Mwanza kuna ufundi wa asili unaoweza kumlisha mtu anayechukia hesabu. Upo. Bei na mtaji utavihesabu popote uendako, lakini hiyo ni kujumlisha na kutoa tu.

Mimi ningekutuma kwenye ufinyanzi kabla ya kitu kingine. Mfinyanzi hashiki rula. Anaukanda udongo, anatoa mawe na mizizi, anachanganya na vigae vilivyosagwa ili chungu kisipasuke motoni, halafu anauviringisha kama kamba na kupandisha ukuta taratibu, vidole vyenyewe vikimwambia pamekuwa pembamba. Chungu kikauke kivulini. Ukikiharakisha juani kinafanya nyufa. Kazi hii inataka subira, na wewe umesema subira unayo.

Kusuka mikeka ya ukili, yaani majani ya mkindu, au ya mafunjo nako kuzuri, ila watu hawasemi hili: ukisuka mkeka wenye mapambo unahesabu jani moja moja. Anza na usio na nakshi. Kuunda mitumbwi kuna vipimo vingi, lakini kalafati, yaani kushindilia pamba kwenye maungio ya mbao maji yasipenye, ni kazi ya mkono na sikio. Nenda mwaloni, pale ufukweni mitumbwi inapoegeshwa, ukamwombe fundi akuruhusu kukaa naye.

Na upande daladala hadi Kisesa, uingie makumbusho ya Bujora uzitazame ngoma za Kisukuma kwa karibu. Kuwamba ngozi nako ni ufundi. Ukishachagua, wapitie SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo, uwaulize kuhusu mafunzo na masoko.