Baada ya Mkutano wa Injili, Nani Anabaki na Waongofu?

Wiki iliyopita msomaji mmoja wa Sakina, Arusha, aliniandikia kwa uchungu kwamba usharika wao ulifanya mkutano wa injili uliojaza uwanja, watu wengi wakapita mbele kuombewa, lakini jumuiya yake ya Jumamosi, yaani kikundi cha majirani wanaosali pamoja, bado ina wazee na akina mama wale wale waliokuwapo tangu zamani. Aliniuliza afanye nini. Nimeona nimjibu hapa, kwa kuwa sisi tunaotumika makanisani tunalijua tatizo hilo, na wengi wetu tumekwisha kulizoea.

Mimi ni mwalimu wa kipaimara hapa Moshi, na swali hilo niliwahi kuliuliza katika kikao cha usharika, nikanyamazishwa. Mkutano wetu ulikuwa umekwisha, vipaza sauti vimerudishwa kwa mwenyewe, na majina ya waliompokea Kristo yameandikwa pamoja na namba zao za simu katika daftari la shule ambalo nililiona kabatini, chini ya rundo la bahasha za ahadi. Nilipoomba tugawane majina yale ili kila mmoja awatembelee wachache, mzee mmoja aliniambia mbele ya wote, "Mwalimu, wewe shughulika na watoto wako, hayo mwachie mwinjilisti." Mwinjilisti mwenyewe alikuwa na mtaa mzima wa kuhudumia, tena kwa miguu. Mzee huyo nimekwisha kumsamehe, ingawa maneno yake bado nayakumbuka yote.

Nilimwendea mwinjilisti, naye akanipa kwa furaha majina ya waliokuwa wakiishi karibu nami. Mmoja wao alikuwa kijana wa bodaboda mwenye kijiwe chake Majengo. Jumuiya yetu hukusanyika alfajiri, saa ambayo yeye hupeleka watoto shuleni na akina mama sokoni, kwa hiyo kumwita jumuiyani ilikuwa sawa na kumwambia aache riziki yake. Tukakubaliana kusoma Injili ya Marko pale pale kijiweni, mchana abiria wanapopungua, yeye akisoma kwa sauti na mimi nikiuliza maswali. Mara nyingine abiria alitokea katikati ya mstari; kijana alinikabidhi Biblia, akaenda zake, na aliporudi alitaka tuanze mstari ule upya. Wenzake walianza kwa utani, kisha mmoja wao akasogeza pikipiki yake karibu ili asikie. Yaliyofuata ni marefu, nayaruka. Itoshe kusema kwamba mwezi huu kijana huyo amechaguliwa kuongoza jumuiya, na sioni haya kukiri kwamba nilijivunia siku ile.

Kwa hiyo, ndugu yangu wa Sakina, ushauri wangu ni kwamba kila mwongofu akabidhiwe kwa mtu mmoja anayejulikana kwa jina, wala si kwa kamati. Agizo la Mathayo 28 haliishii kwenye ubatizo, kwa maana linaendelea kusema "na kuwafundisha kuyashika yote", na kazi hiyo haifanyiki jukwaani. Wala jambo hili si geni katika milima yetu. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Kilimanjaro mwaka 1893, na mmisionari wao Bruno Gutmann, aliyehudumu Old Moshi hadi mwaka 1938, alijenga usharika juu ya ukoo, ujirani na rika, akawaunganisha vijana wa kipaimara katika vikundi vidogo alivyoviita ngao, ili waendelee kuangaliana baada ya kuthibitishwa. Siku hizi tunawapiga picha vijana wetu wakiwa na mavazi meupe, tunawapikia pilau, na Jumapili inayofuata hatuulizi wako wapi.

Jambo lingine linahusu mnada baada ya ibada. Naupenda mnada wetu wa ndizi, mayai na maziwa yaliyotolewa sadaka, na najua unavyoisaidia kazi ya Bwana, lakini mgeni asiye na kitu mfukoni huondoka kimya kimya kabla haujaanza, na hapo ndipo tunapompoteza. Mwenyeji wake na atoke naye, amsindikize hata hadi barabarani, aulize hali ya nyumbani kwake. Ndizi zitanunuliwa na wengine. Tusijidanganye, wapendwa, kwamba tunawapenda waliopotea iwapo hatuwezi kuacha mkungu mmoja wa ndizi kwa ajili yao.

Ukiipeleka hoja hii kwenye baraza la wazee, nenda ukiwa umekwisha kuzungumza na watu watatu au wanne walio tayari kubeba mzigo huo, nao wawe ndani ya kikao, kwa kuwa hoja isiyo na watu huahirishwa hadi kikao kijacho, na kikao kijacho huzungumzia paa la kanisa.