Kabla hujainyanyua IST yako

Juzi kijana mmoja wa Mbeya kaniandikia kuhusu gari lake dogo, Toyota IST. Salamu, pongezi mbili tatu, kisha: "Kaka, IST yangu imeshatoka bandarini. Nataka niinyanyue, nipige rimu za inchi 17 na matairi mapana ili itulie kwenye kona. Fundi gani mzuri hapo Dar?"

Hakuuliza kama afanye au asifanye. Hilo alishaliamua, kilichobaki ni fundi. Nikamjibu swali ambalo hakuuliza, na kwa kuwa najua mko wengi mnaotaka gari dogo likate kona kwa adabu, jibu lote naliweka hapa.

Kwanza mjue anayewashauri ni nani. IST yangu haijanyanyuliwa. Iko chini vilevile ilivyotoka Japani, na rimu zake ni za chuma zenye wilkapu za plastiki, moja ina ufa. Nimechekwa sana kwa hilo. Shemeji yangu alikuwa akiniita mbele za watu "mzee wa kukwaruza matuta". Nilipopata hela kidogo nikanunua matairi manne mapya na shokapu nne, akasema mezani kwangu, mke wangu akiwepo: "Wenzako wananunua vitu vinavyoonekana, wewe umekwenda kuzika hela chini ya gari." Watu wakacheka, nami nikacheka. Bado inaniuma, nisiwadanganye.

Sasa twende huko huko chini ya gari.

Gari linagusa barabara sehemu nne tu, kila moja ina ukubwa wa kiganja cha mtu mzima hivi. Usukani, breki, injini, vyote vinafanya kazi kupitia hapo. Na kwenye magari yetu haya yanayovutwa na magurudumu ya mbele, IST, Vitz, Passo, Demio, Fit, matairi mawili ya mbele ndiyo yanayobebeshwa kila kitu: yanakata kona, yanavuta, yanafanya sehemu kubwa ya breki, na juu yake yamekaliwa na injini. Ukizidisha mwendo, ndiyo yanayoshindwa kwanza. Unakata usukani, pua inaendelea kwenda mbele. Tena mzigo wake haupandi taratibu. Kona uliyozoea kuikata na 60, ukiikata na 80, nguvu inayolisukuma gari nje inaongezeka kwa karibu asilimia 78, maana inapanda kwa mraba wa mwendo. Kwa hiyo mtu akiniambia "niliongeza ishirini tu", namwangalia.

Nguvu hiyo inalishika gari pale uzito wake ulipo, juu zaidi ya usawa wa lami, ndiyo maana gari linalala upande wa nje wa kona. Uzito unahama kutoka matairi ya ndani kwenda ya nje. Bahati mbaya tairi likiongezewa mzigo mara mbili, mshiko wake hauongezeki mara mbili. Unaongezeka pungufu ya hapo, na lile la ndani limeshapoteza wake. Uzito ukihama sana, jumla ya mshiko inashuka. Na ukilinyanyua gari, umeongeza kuhama huko kwa makusudi na risiti ukapewa. Ni kama umeitoa ndoo mkononi ukaitwika kichwani, halafu ukaambiwa kimbia upinde kona.

Basi ingekuwa wananyanyua kwa springi zilizotengenezwa kwa kazi hiyo. Wengi wanachomeka spesa, zile pete za mpira mgumu au chuma. Springi ni ile ile, shokapu ni ile ile, hakuna kilichoongezeka nguvu. Kilichobadilika ni kwamba shafti za mbele, zile zinazozungusha magurudumu, zinafanya kazi zikiwa zimepinda zaidi, mipira yake inachanika kabla ya wakati, na alaimenti, yaani mpangilio wa magurudumu yaelekee sawa, imeharibika siku hiyo hiyo. Naelewa kwa nini watu wananyanyua. Ukikaa Goba au Kivule na barabara ya mtaa ina makorongo, huna raha. Lakini usiniambie umenyanyua ili gari litulie kwenye kona.

Mwaka huu tulikwenda harusi Lushoto, magari matatu kutoka Dar. Mpaka Mombo hakuna cha kusimulia. Pale Mombo unakata, barabara inaanza kuparamia Usambara, nyembamba, mwamba upande mmoja na bonde upande wa pili, kona inaisha nyingine inaanza. Kulikuwa na manyunyu. Shemeji yuko mbele yangu na IST yake iliyonyanyuliwa, rimu zinameremeta. Kwenye kona moja ya kulia, hatujafika Soni, gari lake likalala kushoto, taa za breki zikawaka katikati ya kona, na gurudumu la nyuma kulia likaachana na lami. Si sana, unene wa vidole viwili hivi, lakini niliiona lami yenye maji chini yake. Likatua, mkia ukatikisika kidogo, akanyooka. Mke wangu akanishika mkono bila kusema kitu.

Soni akasimama. Watoto wanatapika. Dada yangu akashuka kwenye gari la shemeji, akafungua mlango wangu wa nyuma, akaingia, akafunga. Shemeji akasema barabara mbovu. Sawa. Kwenye barabara hiyo hiyo mbovu chupa yangu ya maji ilikuwa imesimama juu ya kiti cha nyuma tangu Mombo, dada ikabidi aisogeze ndipo akae. Sikusema neno. Naliandika leo.

Sina uchawi wowote. Nilifanya vitu vinne, na yule kijana wa Mbeya nimemwandikia hivyo hivyo.

Matairi kwanza. Yangu ni 185/65R15, saizi iliyokuja na gari, mapya, yenye jina linalojulikana. Bei iliniuma, ilikula karibu mshahara wote wa mwezi. Mtumba sitaki tena kuusikia. Soma ubavuni mwa tairi, baada ya herufi DOT utakuta tarakimu nne za mwisho: 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi la zamani linaweza kuwa na kashata, yaani ile michoro ya mifereji juu ya tairi, nzuri kabisa na mpira wake umeshakauka. Likibonyezwa na ukucha halibonyei. Hilo kwenye lami iliyolowa halikusaidii. Na yale yaliyochongwa kashata upya kwa kisu, wala tusiyajadili. Ulaya kashata ikifika milimita 1.6 tairi halitakiwi barabarani, na tairi jipya huanza na kama milimita 8. Kazi ya mifereji ile ni kutoa maji. Isipoyatoa, tairi linaelea juu ya maji, na usukani unakuwa mwepesi ghafla mkononi. Tairi pana linaelea mapema kuliko jembamba, hilo wauza rimu hawalitaji.

Ukiwa na hela ya matairi mawili tu, mapya yaende nyuma. Kila mtu anayaweka mbele, nimebishana na mafundi mpaka nimechoka. Ukiachia mafuta au ukikanyaga breki katikati ya kona, uzito unakimbilia mbele, nyuma kunabaki kwepesi. Matairi ya nyuma yakiwa vipara, mkia unatoka. Pua ikiteleza, dereva wa kawaida anapunguza mwendo na mara nyingi gari linarudi. Mkia ukitoka, dereva wa kawaida anapiga kelele.

Na upepo. Kijana wa sheli atakujazia anavyotaka asipoambiwa. Fungua mlango wa dereva, angalia stika kwenye nguzo. Imeandikwa Kijapani lakini namba hazina lugha: ukikuta 230, hizo ni kPa, gawa kwa 6.9 upate kama 33 ya kwenye mashine zetu. Pima tairi likiwa la baridi. Upepo ukipungua, tairi linajikunja ubavu kwenye kona. Ukizidi, linakanyagia katikati tu.

Pili, shokapu. Wengi wanadhani shokapu ndiyo inayobeba gari. Springi ndiyo inayobeba. Shokapu kazi yake ni kuizuia springi isiendelee kudunda, ili tairi libaki chini. IST za kwanza zilitengenezwa kati ya 2002 na 2007, kwa hiyo hesabu mwenyewe umri wa hicho unachokiita "shokapu orijino ya Japani". Fundi alipoitoa yangu ya mbele kushoto, aliisimamisha sakafuni akaikandamiza kwa kidole gumba kimoja, ikazama yote. Mwili wake ulikuwa umeganda matope meusi ya mafuta yaliyovuja. Mpya tuliyoweka, nilitegemea mikono miwili na kifua ndipo ikashuka. Hapo ndipo nilipoelewa kwa nini kwenye kona yenye mabaka gari lilikuwa linaruka pembeni.

Tatu, bushi za amu za chini, boljointi, na linki za stablaiza, yaani viungo vinavyoshikilia magurudumu chini ya gari. Huku ndiko nilikoibiwa. Fundi wangu wa zamani, simtaji, alikuwa ananipigia alaimenti kila nikilalamika kwamba gari linayumba, na kila mara analipwa. Bushi zilikuwa zimekufa. Mpira wa bushi ukikatika, gurudumu linageuka lenyewe kila ukikanyaga breki au ukikata kona, sasa hiyo alaimenti unaipiga kwenye nini? Pitisha kiganja juu ya kashata kutoka nje kwenda ndani, kisha urudi. Ikikwaruza upande mmoja na kuteleza upande mwingine, tairi linaburuzwa. Usimpe mtu hela ya alaimenti kabla hajalipandisha gari juu na kutikisa kila jointi mbele ya macho yako.

Nne ndiyo alaimenti yenyewe. Ya mwisho. Nimesema ya mwisho.

Mbona rimu sijazitaja? Kwa sababu hazimo. Vijana tunapenda kuonekana, na mimi ni kijana bado, sijasema nimezeeka. Lakini mtu anabeba mke na watoto kupanda mlima Kitonga na matairi ya mtumba kwenye rimu za milioni, halafu wakifika salama anamshukuru Mungu kana kwamba Mungu ndiye aliyemzuia kununua tairi. Tumezoea kutengeneza kinachoonwa na jirani. Breki unapiga kabla ya kona, unaingia na mwendo unaoumudu, unatoka na mafuta taratibu. Hiyo ni bure, na hata hiyo watu hawafanyi.

Kijana wa Mbeya alinijibu usiku ule ule: "Nimekuelewa kaka, ila rimu nimeshazilipia."

Haya. Spesa achana nazo. Kwenye rimu hizo za 17 chukua 205/45: kimo cha tairi zima kinakuwa milimita 616, na cha 185/65R15 ni kama 621, kwa hiyo spidomita haitakudanganya sana. Angalia na namba ya mzigo ubavuni. Tairi la awali huwa 88, yaani kilo 560 kwa kila tairi. 205/45R17 za kawaida huwa 84, kilo 500, kwa hiyo sisitiza upewe zile zilizoandikwa XL, yaani za kubeba mzigo zaidi, zenye 88. Kabla hujalipa fundi, pakia watu wanne, kata usukani mpaka mwisho kulia na kushoto, usikilize kama tairi linagusa fenda. Na ukipita njia ya Mikumi kurudi nyumbani, mashimo yakwepe, maana ubavu wa tairi hilo ni mfupi na rimu itapinda kabla hujasema samahani.