Mwanangu, wakikuuliza kwa nini DO

Neema mwanangu,

Salamu kutoka nyumbani Des Moines. Mama yako hajambo, wadogo zako wazima, na bibi anakusalimu sana.

Ujumbe wako wa juzi sikuujibu kwenye WhatsApp kwa sababu jambo lenyewe linataka nafasi. Umeniandikia kwamba chuo cha Kirksville, kule Missouri, kimekuita kwenye usaili wa masomo ya udaktari, na kwamba ukihitimu hapo utaandikwa DO, yaani daktari wa osteopathia, fani inayoongeza tiba ya mikono juu ya udaktari wa kawaida, si MD, ile shahada ya udaktari iliyozoeleka. Vyuo vya MD ulivyoomba bado viko kimya. Kisha ukaniuliza mawili. Je, utakuwa daktari kamili, au nusu daktari kama wanavyosema baadhi ya watu kanisani? Na wakikuuliza kwa nini umechagua osteopathia, utajibu nini bila kudanganya, maana ukweli ni kwamba uliomba kote kote?

La kwanza halinichukui muda. Hapa Marekani DO ni daktari kamili katika majimbo yote 50. Anaandika dawa, anapasua, anazalisha, anasomea ubingwa wa moyo au wa watoto akitaka. Tangu mwaka 2020 mafunzo ya ubingwa ya DO na ya MD yako chini ya mfumo mmoja, na zaidi ya robo ya wanafunzi wa udaktari nchini wako kwenye vyuo vya DO. Mimi kazi yangu ni ukalimani hospitalini. Nasimama kati ya daktari na mgonjwa wa Kiswahili, na madaktari wengi ninaowatafsiria wana herufi hizo mbili kwenye beji. Sijawahi kumsikia muuguzi akiuliza kama agizo limetoka kwa MD au kwa DO. Hao wa kanisani waambie kwamba Sean Conley, aliyemhudumia Rais Trump alipougua Uviko mwaka 2020, ni DO, na Kevin O'Connor, aliyekuwa daktari wa Rais Biden, naye ni DO.

Baba yako mdogo aliyeko Uingereza alinipigia simu akiwa na wasiwasi, na ana haki yake. Huko mtu wa osteopathia ni mtaalamu wa kutibu mgongo na viungo kwa mikono. Si daktari wa kuandika dawa. Akitafuta kwenye intaneti anakutana na hayo. Mweleze kwa upole kwamba ya Marekani ilishika njia yake.

Na njia hiyo uijue kabla hujakaa mbele yao. Kwa miaka mingi Chama cha Madaktari cha Marekani kilihesabu kuwa ni utovu wa maadili mwanachama wake kushirikiana na DO. Mwaka 1962 kule California, madaktari wa DO wapatao 2,000 walibadilishiwa shahada zao kuwa MD kwa kulipa dola 65, na jimbo likaacha kutoa leseni mpya za DO mpaka mahakama ya juu ya California ilipoamua vinginevyo mwaka 1974. Jeshi lilianza kuwapokea kama madaktari mwaka 1966. Jimbo la mwisho kuwapa haki zote lilikuwa Mississippi, mwaka 1973. Kwa hiyo baadhi ya watakaokusaili walifundishwa na watu walioishi dharau hiyo. Swali la kwa nini DO kwao si la kupoteza muda. Wanataka kujua kama utalibeba jina hilo au utalificha.

Sasa la pili, ambalo ndilo lililonikalisha mezani.

Kuomba kote si uongo, mama. Fomu ya AACOMAS ni ya vyuo vya DO, ile nyingine ni ya MD, na kila msaili anajua kwamba vijana wengi hujaza zote mbili. Ukiulizwa, sema ndiyo, niliomba kote, na uendelee. Uongo unaanza pale unapokariri. Ile sentensi ya "kutibu mtu mzima, mwili, akili na roho" imeandikwa kwenye ukurasa wa kila chuo cha DO, na wasaili wanaisikia kuanzia asubuhi mpaka jioni. Tena mwulize MD yeyote mwema kama yeye hutibu nusu mtu uone atakavyokuangalia. Sentensi hiyo ni kweli, lakini bado si yako. Usiende kwenye usaili mpaka uwe na jambo uliloliona kwa macho yako mwenyewe.

Nikuambie niliyoyaona mimi, upate kuyatafuta ya kwako.

Kirksville si mji mgeni kwetu. Wakongo wenzetu wako wengi pale, baadhi yao wakifanya kazi kwenye kiwanda cha nyama ya nguruwe kwenye mji wa Milan, huko huko Missouri. Nilipokwenda kwenye harusi ya mtoto wa mzee mwenzetu, niliingia jumba la makumbusho la chuo hicho. Wamehifadhi kibanda cha magogo alimozaliwa Andrew Taylor Still mwaka 1828 kule Virginia, na kijumba cha mbao alimofungulia shule yake mwaka 1892. Still alikuwa daktari, mtoto wa mhubiri wa Kimethodisti. Mwaka 1864 homa ya uti wa mgongo iliwaua watoto watatu wa nyumba yake. Dawa za zama hizo zilikuwa zebaki, kasumba na pombe, na hakuna iliyomsaidia. Miaka 10 baadaye akatangaza kwamba ameachana na utabibu wa namna hiyo, na kwamba daktari aujue kwanza mwili ulivyojengwa, maana namna ulivyojengwa na namna unavyofanya kazi haviachani. Darasa lake la kwanza lilikuwa na wanawake ndani yake, mwaka 1892, mwanangu. Hilo lishike.

Humo ndani kuna kabati la kioo lililonisimamisha muda mrefu. Ni mfumo wa fahamu wa binadamu, wenyewe peke yake, bila mifupa wala nyama: ubongo juu, uti wa mgongo chini yake, na nyuzi zinazotawanyika kwenda mikononi na miguuni, nyingine nyembamba kama nywele. Wanafunzi wawili waliuchambua hivyo mwaka 1925. Nilielewa pale kwamba watu hawa walikuwa na heshima kubwa kwa mwili. Si maneno ya tangazo.

Na kazini nimeona hivi. Sitaji jina wala siku, unajua kiapo changu. Mama mmoja wa kwetu, mkataji nyama kiwandani, alikuja na bega lililomsumbua miezi. Daktari alikuwa DO. Aliangalia picha ya eksirei, akauliza kazi yake ikoje, akamwomba aonyeshe anavyoshika kisu. Kisha akaniambia, "Mwambie nitaanza shingoni nishuke, na akisikia maumivu aseme, nitaacha." Vidole vikapita pole pole kando ya uti wa mgongo, vikasimama chini ya bega. Kabla sijafungua kinywa, mama yule akasema, "Hapo hapo." Akamfanyia kazi ya mikono dakika chache, akamwandikia dawa, akamwandikia na barua ya kuhamishwa kwenye mstari mwingine wa kazi. Sikuambii kwamba alipona siku ile. Nakuambia kwamba alikuwa ameshapita kwa wengine na hakuna aliyekuwa amemgusa.

Wewe nawe unayo ya kwako. Kiangazi kizima ulimfuata yule daktari wa DO kwenye kliniki ya Ottumwa, na ndiye aliyekuandikia barua. Ulikuwa ukirudi jioni unatusimulia. Umefanya kazi nyumba ya wazee, umegeuza watu kitandani usiku, unajua mgongo wa mtu anayeumwa unavyokuwa chini ya kiganja. Kaa na hayo, chagua tukio moja, useme ulichokiona na ulichokifikiri. Watauliza maswali zaidi, na hutababaika kwa sababu ulikuwepo.

Lakini usipitilize. Utajifunza saa 200 na zaidi za tiba ya mikono juu ya masomo yote anayosoma MD, na hilo ni jambo zuri. Usiwaambie kwamba mikono hutibu kila kitu. Kwa maumivu ya kiuno ushahidi upo. Kwa mbinu nyingine, kama ile ya kushika fuvu la kichwa, hata baadhi ya DO wenyewe hawakubaliani. Msaili mwenye akili atapenda kusikia kwamba unaipenda fani na bado unauliza ushahidi.

Kuhusu namna ya kukaa mbele yao. Sisi tumekulea kutomkazia mzee macho, kutojisifu, na kusema "tulifanya" hata pale ulipofanya peke yako. Nyumbani endelea hivyo hivyo. Huko watazame machoni na useme "nilifanya". Nimekaa kwenye vyumba vingi nikiona Wamarekani wanavyousoma vibaya unyenyekevu wetu. Wanadhani mtu anaficha kitu. Ile C ya kemia ogania wataiuliza. Jibu kwa sentensi tatu: kilichotokea, ulichobadilisha, matokeo ya muhula uliofuata. Na Nyarugusu, ile kambi ya wakimbizi Tanzania, usiifanye kisingizio wala pambo. Ulizaliwa kambini, ni sehemu yako, itaje ikihusika na swali. Hatuna sababu ya kuionea haya, wala ya kuiuza.

Nawe uwe na maswali yako. La muhimu kuliko yote ni hili: mwaka wa tatu na wa nne utafanyia wapi mafunzo ya wodini? Vyuo vingi vya DO havina hospitali yao, wanafunzi wanasambazwa kwenye hospitali za miji na hata majimbo mengine. Uliza nani anapanga, nani analipa makazi, na kama utahamahama. Uliza wanafunzi wangapi hufaulu COMLEX, mtihani wa leseni wa DO, hatua ya kwanza kwa mara ya kwanza. Uliza wanaotaka ubingwa wenye ushindani mkubwa wanasaidiwaje, kwa sababu wengi wao hulazimika kufanya na mtihani wa USMLE wa wenzao wa MD, na hiyo ni ada mbili na kusoma mara mbili. Huo ni mzigo halisi wa njia hii na sitaki uugundue ukiwa tayari ndani.

Mama yako ana swali lake. Kwenye maabara ya tiba ya mikono wanafunzi hufanya mazoezi juu ya miili ya wenzao, kwa hiyo mgongo na mabega huachwa wazi. Uliza mapema mavazi yakoje na wanapangaje wawili wawili. Hilo si swali la aibu. Wanafunzi wa dini mbalimbali huliuliza.

Halafu fedha. Kuanzia tarehe 1 Julai 2026 mkopo wa serikali wa Grad PLUS, uliokuwa ukiziba pengo lote la ada na makazi, umefutwa kwa wakopaji wapya. Mwanafunzi wa udaktari anaweza kukopa serikalini dola 50,000 kwa mwaka, zisizidi 200,000 kwa jumla. Vyuo vingi binafsi vya DO, ukijumlisha ada, chumba na chakula, vinapita hapo. Waulize ofisi ya fedha kwa maandishi: pengo linazibwaje? Usisaini mkopo wa benki kabla hatujakaa nao mimi na wewe. Kuna ufadhili wa National Health Service Corps, unaolipa ada kwa anayekubali kuhudumu maeneo yenye upungufu wa madaktari, na ule wa jeshi. Zaidi ya nusu ya DO hufanya kazi za tiba ya msingi, na wewe mwenyewe umekuwa ukisema unataka udaktari wa familia, basi huo wa kwanza uutazame kwa makini. Na kama bado una ndoto ya kwenda kuhudumu Kigoma siku moja, waandikie Baraza la Madaktari Tanganyika sasa, wakujibu kwa barua kuhusu shahada ya DO ya Marekani.

Ukiniuliza mimi, ningependa uende. Sikuambii hivyo kwa sababu wengine wamenyamaza. Nimekuona na bibi yako anapoumwa kiuno. Unakaa, unamgusa, unamwuliza, unasubiri. Lakini ukijichunguza ukaona kwamba maisha yako yote utakuwa ukijieleza kwa watu kwa nini wewe si MD, basi ni afadhali usubiri mwaka mmoja uombe tena. Sitakasirika, na mama yako hatakasirika.

Hata kama usaili utakuwa wa kwenye video, twende Kirksville kabla ya siku yenyewe. Kutoka hapa kupitia Ottumwa ni karibu saa tatu kwa gari, na mzee mwenzetu wa kule atatupa chakula. Nina zamu Jumamosi hii. Zinazofuata niko huru. Nijibu ni ipi, nami nitaomba wanionyeshe mapema ratiba ya mwezi.

Baba yako