Kabla ya Kuchota, Jua Maji Yako Wapi

Wewe uliyekuja Mombasa kujifunza kazi ya kupima uchafuzi wa mito, iwe umetumwa na chuo kwa mafunzo ya nyanjani au umepata kibarua katika maabara, kuna jambo moja nataka ulishike kabla ya mengine yote. Hapa kwetu kipimo cha nitrati au fosfati, yaani virutubisho vinavyoletwa na majitaka, samadi na mbolea, kisichoandikiwa hali ya maji hakimfai mtu. Mashine itakupa namba, tena namba nzuri yenye desimali mbili. Lakini je, maji yalikuwa yanajaa au yanakupwa? Bamvua, yaani maji yanayojaa na kupwa kwa nguvu, au maji mafu, yanayosogea kidogo tu? Mvua ya mwisho ilinyesha lini kule bara? Bila majibu hayo utakuwa umepima chupa, na mto hujaupima.

Nalisisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya fani hii vimeandikwa na watu ambao mito yao hutiririka mwaka mzima kwenda upande mmoja. Yetu haiko hivyo. Kisiwa cha Mombasa kimezungukwa na mahori mawili, yaani mikono ya bahari iliyoingia nchi kavu: hori la Tudor linalopokea mito ya Kombeni na Tsalu, na hori la Port Reitz linalopokea Mwache, Cha Simba na Mambome. Kiangazi mito hii hukonda hadi kubaki vidimbwi. Masika ikishika, inashuka kwa kishindo na udongo mwekundu. Huku chini kwenye mikoko, maji ya chumvi hupanda na kushuka mara mbili kwa siku, na wakati wa bamvua tofauti kati ya kujaa na kupwa huzidi mita tatu. Mahali ulipochota maji ya mto saa mbili asubuhi, saa nane mchana unaweza kuchota bahari.

Kwa hiyo usiikubali haraka ratiba iliyopangwa ofisini kwa kufuata kalenda ya ukutani. Chukua ratiba ambayo kila mgeni huianza nayo: kila Jumatatu saa tatu asubuhi. Maji hapa huchelewa kwa takriban dakika 50 kila siku. Zidisha mara siku saba, unapata karibu saa sita. Jumatatu hii ukikuta maji yamejaa hadi kwenye matawi ya mikoko, Jumatatu ijayo saa ileile utakuta tope tupu na kaa wanakimbilia mashimoni. Ukilinganisha wiki hizo mbili utaandika kwamba uchafu umeongezeka, kumbe bahari ndiyo iliyoondoka. Wengine hukimbilia kuchota kila baada ya wiki mbili. Huo nao ni mtego, kwa kuwa siku 14 zinakurudisha karibu kwenye hali ileile ya maji, na mwaka mzima utakuwa unautazama mto kwa upande mmoja tu.

Ninavyofanya mimi, na ninavyomshauri kila anayeanza, ni kuanza na majedwali ya kujaa na kupwa ya bandari ya Kilindini, kisha ndipo nipange siku. Ukitaka kujua mto wenyewe unaleta nini, chota mwishoni mwa kupwa, maji yanapokuwa yametoka karibu yote. Ukitaka kujua hori zima linapumua vipi, kaa sehemu moja, chota kila baada ya saa mbili kwa muda wa saa 13, kujaa na kupwa kukamilike mbele ya macho yako. Kazi hiyo inachosha na jua la Kaskazi halina huruma, lakini siku moja ya namna hiyo nathubutu kusema inakufundisha kuliko miezi ya chupa za hapa moja na pale moja.

Na usiwaone wavuvi kuwa watu wa kuuliza njia tu. Ukifika Tudor au Mikindani, amkia kwanza. "Shikamoo mzee. Maji leo yanaendaje?" Atakutazama, ataangalia mkondo, atakwambia, "Marahaba. Haya ni mafu mwanangu, hayatoki sana. Ngoja mwezi uandame." Jibu hilo limebeba tarehe ya mwezi, nguvu ya mkondo, na dokezo kwamba uchafu uliomwagwa jana huenda bado unazunguka palepale. Liandike kwenye daftari kama ulivyolisikia, kwa penseli, maana wino wa kalamu huyeyuka ukirushiwa maji.

Pamoja na wakati, andika kiasi cha maji yanayopita. Hapa ndipo wageni wengi hudanganyika kwa sababu wanatazama ukali peke yake, yaani kiasi cha uchafu ndani ya lita moja. Kanuni ni nyepesi na inafaa uikariri: miligramu 1 kwa lita, katika mto unaopitisha mita 1 ya ujazo kwa sekunde, ni kilo 86.4 kwa siku. Tuchukue mfano wa kufikirika. Kiangazi, mto unapitisha lita 20 kwa sekunde na nitrojeni ni miligramu 5 kwa lita: hizo ni chini kidogo ya kilo 9 kwa siku. Masika, mto huohuo unapitisha mita 10 za ujazo kwa sekunde, na nitrojeni imeshuka hadi miligramu 1: hizo ni kilo 864. Karatasi ya maabara inasema mto umesafika, huku hori linapokea karibu mara mia ya mzigo wa awali. Kama huna mita ya mkondo, pima upana na kina, rusha chungwa, hesabu sekunde linazochukua kupita mita 10, kisha punguza kidogo kwa kuwa maji ya juu hukimbia kuliko ya chini. Makadirio hayo, yakiandikwa wazi kuwa ni makadirio, yana thamani kuliko nafasi iliyoachwa tupu.

Mvua za kwanza baada ya kiangazi usizikose kwa hali yoyote. Ndizo zinazokomba samadi ya mifugo, majivu, maji ya vyoo vilivyofurika na kila kilicholala kwenye mitaro kwa miezi. Mvua za wiki ya tatu huwa zimeshakuta njia imeoshwa. Tena fosfati hupenda kushikamana na udongo, ilhali nitrati huyeyuka na kwenda na maji. Ukichuja maji mekundu ya Mwache na kupima kilichopita kwenye kichujio peke yake, fosfati nyingi umeiacha kwenye lile tope ulilolitupa. Pima vyote viwili, kilichoyeyuka na jumla.

Chumvi ipime kila unapochota, hata kama hukuambiwa. Kipimo chake ni rahisi kuliko vyote na ndicho kinachofungua vingine. Ukirudi ofisini, chora mchoro: chumvi kwenye mstari wa chini, nitrati kwenye mstari wa wima, na kila sampuli iwe nukta. Upande mmoja una maji ya mto yasiyo na chumvi, upande wa pili bahari yenye chumvi ya karibu gramu 35 kwa kilo. Nukta zikilala kwenye mstari mnyoofu unaounganisha pande hizo mbili, mto na bahari vinachanganyika tu. Zikipanda juu ya mstari, kuna kitu kinaingia katikati ya njia, labda bomba la majitaka, labda maji ya chini ya ardhi yanayochuruzika ufukweni. Zikishuka chini ya mstari, kuna kinachokula: mwani, mikoko, vijidudu vya kwenye tope. Mara nyingi mchoro huu mmoja hukuonyesha pa kwenda kutafuta kesho yake.

Sasa vipimo vyenyewe. Kuna kasoro moja inayozaa ugomvi usio na maana kati ya maabara na maabara, nayo ni jina la kipimo. Nitrati inaweza kuripotiwa kama nitrati kamili au kama nitrojeni iliyo ndani yake. Maji yaleyale yanaweza kuandikwa 40 na maabara moja na 9 na nyingine, na zote ziwe sahihi, kwa sababu ya kwanza ni mara 4.43 ya pili. Fosfati na fosforasi ni mara 3.07. Shirika la Afya Duniani limeweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita katika maji ya kunywa, ikihesabiwa nitrati kamili, ambayo ni takriban 11 ikihesabiwa nitrojeni. Mtu akilinganisha 40 ya karatasi moja na 11 ya karatasi nyingine atatangaza balaa lisilokuwepo. Vilevile akilinganisha 20 iliyohesabiwa nitrojeni na ule ukomo wa 50, atawaambia watu wanywe maji yasiyofaa. Kila safu ya jedwali lako iandike kwa urefu ni nini hasa kimehesabiwa.

Chupa nazo zina adabu zake. Zioshe kwa asidi ya hidrokloriki iliyozimuliwa, kisha kwa maji yaliyotoneshwa, yaani yaliyokusanywa kutoka kwenye mvuke, na kamwe usizipitishe kwenye sabuni ya unga, maana sabuni huweza kuwa na fosfati. Mtoni simama ukitazama maji yanakotoka, usikoroge tope, suuza chupa mara tatu kwa maji yaleyale, kisha zamisha mdomo wake chini ya uso wa maji. Ukiwa botini, chota upande wa mbele, mbali na injini. Anayevuta sigara asiguse chupa: moshi na majivu vina amonia ya kutosha kuharibu kazi ya siku nzima. Chuja palepale kama unaweza, kwa kichujio cha mikromita 0.45, na uweke kwenye barafu gizani. Vijidudu vilivyomo ndani ya chupa haviachi kula nitrati kwa sababu wewe umekwama kwenye foleni ya Changamwe. Tena beba chupa moja ya maji yaliyotoneshwa, ifungue na kuifunga mtoni kama zile nyingine, uirudishe maabara. Ikitoka na fosfati, umejua uchafu ni wa mikono yenu.

Glavu, buti za mpira, na usiende peke yako kwenye tope. Hayo hayana mjadala.

Oksijeni inahitaji alfajiri. Mahali penye virutubisho vingi mwani hustawi, na mchana mwani huo hutoa oksijeni hadi maji yaonekane yana afya kuliko maji safi. Maji yasiyo na chumvi ya nyuzi 30 yakitulia na hewa hushika takriban miligramu 7.5 kwa lita. Ukipima saa tisa alasiri ukapata 11, usishangilie. Usiku mwani uleule hupumua na kuila ile oksijeni, na kabla ya jua kuchomoza unaweza kupata chini ya 2, samaki wakitweta juu ya maji. Anayepima saa za ofisi peke yake haoni jambo hili kabisa. Amonia nayo usiisome bila pH, yaani kipimo cha uasidi wa maji. Kwenye nyuzi 25 na pH 7, sehemu yenye sumu kwa samaki haifiki asilimia 1. Kwenye pH 9 inapita theluthi moja. Na pH hupandishwa na mwani huohuo, mchana huohuo.

Kuhusu chanzo, usije na jibu mkononi. Wengi hufika wakiwa wamesoma kuhusu mbolea za mashamba makubwa, wakamtafuta mkulima wa kumlaumu. Hapa anza na vyoo. Sehemu kubwa ya mji haijaunganishwa na mabomba ya majitaka. Watu wanatumia vyoo vya shimo na matangi. Kisiwa na sehemu kubwa ya pwani vimekaa juu ya mwamba wa matumbawe wenye matundu, na maji hupita humo upesi. Chokaa ya mwamba hunasa fosfati nyingi, lakini nitrati huipita kama haipo. Ndiyo maana kisima cha jirani na choo kinaweza kuwa na maji meupe, matamu, yasiyo na harufu, na bado kikazidi ukomo. Ukipima mto, pima na visima vya kingo zake.

Mwisho wa kazi, rudisha majibu kwa waliokuonyesha mahali pa kuchota. Katiba ya Kenya ya 2010, kifungu cha 42, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, na Kanuni za Ubora wa Maji za 2006 ziliweka viwango ambavyo mkazi anaweza kuvishika mkononi anapokwenda kulalamika. Kwa mfano, Kanuni hizo zilitaka majitaka yanayoachiwa kwenye mazingira yasizidi miligramu 30 kwa lita za BOD, yaani oksijeni ambayo vijidudu wanaihitaji kuuozesha uchafu uliomo. Mpe maelezo kwa maneno ya nyumbani, ukitaja siku, hali ya maji na mvua, ili akiulizwa aweze kujibu.

Na ukikuta kisima cha nyumba yenye mtoto mchanga kimezidi nitrati, usingoje ripoti ipigwe muhuri. Nenda siku hiyohiyo, bisha hodi, mwambie mama asimkorogee mtoto maziwa ya kopo kwa maji hayo, atafute mengine. Atakwambia, "Lakini mimi huyachemsha." Mweleze taratibu kwamba kuchemsha kunaua vijidudu, ila nitrati haiondoki. Maji yakipungua kwenye sufuria, nitrati inabaki ileile ndani ya maji machache, na ukali wake unazidi.