Una simu na shilingi 3,000: uanze na kazi gani ya mtandaoni?

Januari mpwa wangu alinitembelea Zimmerman, akaweka simu mezani na kuniambia, "Mjomba, niko na hii simu na elfu tatu. Kazi za mtandaoni ni nyingi, nianze na gani?" Kompyuta hakuwa nayo, na kodi ya chumba anachokaa na mwenzake Githurai ilikuwa inafika tarehe tano. Najua vijana wengi wa Nairobi wana swali hilohilo. Mimi nililiuliza mwaka wa 2019, nikajibiwa vibaya, na jibu lile lilinila pesa na miezi.

Kipimo changu ni hiki: zitapita siku ngapi kabla shilingi ya kwanza haijaingia M-Pesa, na ikiingia, utabaki na ngapi ukishatoa bando na stima? Zile picha za dola watu wanazoweka kwenye status haziwezi kukujibu hilo.

Kujaza hojaji kulinipotezea wiki tatu. Unajibu maswali dakika kumi, kisha unaambiwa hufai kwa utafiti huo, na hulipwi kitu. Kiwango cha chini cha kutoa pesa sikuwahi kukifikia. Achana nazo.

Kusikiliza sauti na kuiandika neno kwa neno ni kazi halali, lakini soma malipo kwa makini. Wanalipa kwa dakika ya sauti, si kwa dakika unazotumia wewe. Faili yangu ya kwanza ilikuwa ya dakika 18: Waskoti wawili wakizungumzia mabomba ya maji, mmoja akitafuna maneno. Ilinichukua saa tano, nikirudi nyuma sekunde tatu tatu, dirisha limefungwa kwa sababu makanga walikuwa wakiita abiria pale nje. Ukigawa malipo yale kwa saa tano unapata aibu. Hata hivyo sijuti, kwa sababu masikio yalizoea lafudhi na vidole vikapata kasi. Ila bila kompyuta na vipokea sauti vizuri, usijisumbue.

Kuuza ujuzi kwenye Fiverr au Upwork, tovuti ambako wateja hutafuta watu wa kuwafanyia kazi, ndiko kunakonilisha leo, lakini kazi ya kwanza niliipata baada ya wiki tisa. Fiverr hukata asilimia 20, kwa hiyo kazi ya dola 20 inakuachia 16 kabla hujabadilisha kuwa shilingi. Upwork nako unanunua Connects za kuombea kazi, na ukiomba ovyo zinaisha bila jibu. Nilianza kujibiwa siku nilipoacha kuandika kwamba naweza kazi yoyote. Niliandika kwamba natafsiri maelezo ya afya na ya programu za simu kwa Kiswahili, nikaambatisha kurasa mbili za mfano nilizotafsiri mwenyewe bila kutumwa na mtu. Mteja hana muda wa kukuuliza unajua nini. Muonyeshe.

YouTube nayo, kwa video ndefu, inataka wafuasi 1,000 na saa 4,000 za kutazamwa ndani ya miezi 12 ndipo ulipwe pesa za matangazo. Kama unapenda kurekodi, rekodi, lakini usiipangie kodi ya mwezi huu.

Kwa hiyo mpwa wangu nilimwambia aanze na kuuza viatu vya mitumba kwa WhatsApp. Nilimpeleka soko la Gikomba alfajiri, wakati marobota yanafunguliwa, kwa sababu kamera, yaani viatu bora, huondoka mapema na ukifika saa nne unabaki na mapepe, vile vilivyochakaa. Alinunua jozi nne kwa 1,600. Tulivisugua soli kwa mswaki wa zamani na sabuni, tukavipiga picha kibarazani asubuhi, jua likiwa bado laini, kila kiatu mara tatu: ubavuni, soli, na pale palipochubuka. Hiyo picha ya tatu usiiache. Mteja aliyeona mchubuko mapema hakurudishii kiatu mkikutana pale mjini, nje ya jengo la Archives.

Na mtu akisema, "Nimetuma," usisome meseji anayokuonyesha kwenye simu yake. Angalia salio lako mwenyewe kabla ya kuachilia mzigo. Nimeona dada mmoja akilia pale mjini kwa sababu ya meseji bandia ya 1,200.

Mambo mawili mengine nayasema kwa uchungu. Usilipe ada ili upewe kazi. Nililipa 1,500 kuingia kundi la "mafunzo na kazi za uhakika", na asubuhi yake kundi halikuwepo na namba haipatikani. Mafunzo ya bure yapo: Ajira Digital, mpango wa serikali, hufundisha kazi za mtandaoni bila malipo. La pili, kuandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Najua inalipa na najua wengi wanaifanya, lakini unamsaidia mtu kupata cheti asichostahili, na tangu 2022 sheria ya Uingereza imeharamisha biashara hiyo kwa wanafunzi wa England. Na akaunti ya kuandikia insha uliyokodisha kwa mtu ikifungwa, pesa zilizomo zimekwenda, na huna pa kulalamika kwa sababu jina si lako.

Jozi tatu za mpwa wangu zilitoka ndani ya siku sita, 850 kila moja. Ya nne, namba 36, bado iko chini ya kitanda; siku hizi huuliza wateja saizi zao kabla ya kushuka Gikomba. Jumatatu hadi Alhamisi, saa kumi na moja jioni, yuko saiba moja ya Roysambu akilipia saa moja ya kompyuta, anajifunza kuchapa bila kuangalia vidole.