Mitindo iliyozaliwa mitaani: majibu kwa wasomaji

Niliandika hivi karibuni kwamba sehemu kubwa ya mavazi yanayouzwa leo kama mapya yalibuniwa miaka mingi iliyopita na vijana ambao hawakuwa na fedha, vyeo wala maduka ya kifahari. Kauli hiyo imeleta maswali mengi, na haya ni baadhi yake, nikiwa nimeyafupisha bila kubadilisha maana.

Chuoni nilifundishwa kwamba mitindo huanzia kwa matajiri na wabunifu wa Paris, kisha watu wa kawaida huiga. Je, fundisho hilo ni kosa? (Msomaji, Dodoma)

Fundisho hilo lina msingi wake. Mwaka 1904 mwanasosholojia wa Kijerumani, Georg Simmel, alieleza kwamba tabaka la juu huvaa kwa namna ya kujitenga na walio chini yake, walio chini huiga, na wanapokaribia kufanana, wa juu huuacha mtindo huo na kutafuta mwingine. Kwa Ulaya aliyoiona Simmel, maelezo hayo yalielekea kutosha. Hayatoshi kabisa kwa karne iliyofuata, na inasikitisha kwamba wanafunzi wa ubunifu bado wanapewa nusu ya habari.

Chukua mfano wa jaketi jeusi la ngozi. Kampuni ya Schott ya New York ilianza kushona jaketi lake maarufu lenye zipu ya mshazari mwaka 1928, na wateja wake walikuwa waendesha pikipiki waliohitaji kukingwa na upepo na michubuko. Baada ya Vita Kuu ya Pili likawa vazi la vijana walioogopwa na wazazi. Mwaka 1960 Yves Saint Laurent, aliyekuwa na umri wa miaka 23 na tayari ni mbunifu mkuu wa Dior, nyumba ya mitindo ya Paris, aliwaonyesha wateja wa nyumba hiyo majaketi meusi ya ngozi na sweta za shingo ndefu, mavazi aliyoyaona kwa vijana wa mikahawa ya Paris. Wateja hawakupendezwa hata kidogo. Mwaka huohuo aliitwa jeshini, na kazi yake akapewa Marc Bohan. Leo ni vigumu kuitaja nyumba kubwa ya mitindo ambayo haijawahi kuuza jaketi la namna hiyo, na mwenendo wake ni wazi: kutoka barabarani hadi jukwaani, kinyume na njia aliyoichora Simmel.

Hata hivyo njia hii haiendi upande mmoja tu. Baada ya vita hiyohiyo, mafundi wa Savile Row mjini London walijaribu kufufua suti za enzi ya Mfalme Edward wa Saba kwa ajili ya vijana wa kitajiri: koti refu, suruali nyembamba, kizibao chenye madoido. Vijana wa familia za wafanyakazi wa kusini mwa London wakauchukua mtindo huo, wakauongezea kola za mahameli na viatu vya soli nene, na kufikia mwaka 1953 magazeti yalikuwa yakiwaita Teddy Boys. Matajiri wakaukimbia. Kwa hiyo mtindo uliotoka juu ulipewa uhai na walio chini, na ni sura ile ya chini ambayo wabunifu wameendelea kuirudia.

Kwa nini jinzi iliyochanwa inauzwa ghali kuliko nzima? (Msomaji, Nairobi)

Sehemu kubwa ya jibu iko katika duka dogo, namba 430, King's Road, London. Mwaka 1971 Malcolm McLaren na Vivienne Westwood walianza kuuza humo mavazi ya Teddy Boys, na kwa miaka iliyofuata walilibadilisha jina na bidhaa mara kadhaa hadi likawa kitovu cha vijana wa panki, wapenzi wa muziki wa roki wenye hasira. Uingereza ya katikati ya miaka ya 1970 ilikuwa na mfumuko wa bei, migomo, na vijana wengi waliomaliza shule bila kuona kazi mbele yao. Nguo iliyochanika na kuunganishwa kwa pini za nepi ilisema waziwazi kwamba mvaaji hataki kujifanya mambo ni shwari.

Viwanda havikuchelewa kuona. Mwaka 1977 mbunifu Zandra Rhodes alionyesha magauni yaliyotobolewa kwa makusudi na kupambwa kwa pini, na mwaka 1994 mwigizaji Elizabeth Hurley alivaa gauni jeusi la Versace lililoshikizwa ubavuni kwa pini kubwa za rangi ya dhahabu. Westwood mwenyewe alipewa nishani ya malkia mwaka 1992. Bei kubwa unayoiona dukani inatokana na jambo la kawaida la kiwandani: kuchana, kusugua na kufifisha kitambaa ni kazi ya ziada inayofanywa na mikono ya watu, na juu yake huongezwa bei ya jina la kampuni. Hasira iliyozaa mtindo ule haimo tena katika nguo hizo, na mimi sioni sababu ya kulipia tundu ambalo goti lako lingelitoboa bure.

Je, ni kweli kwamba Gucci ilimnakili fundi wa Harlem? (Msomaji, Mwanza)

Ni kweli kwamba jaketi lilifanana mno na kazi yake, na kisa hiki kinastahili kuelezwa kwa urefu kwa sababu kila fundi cherehani anapaswa kukijua.

Daniel Day, anayejulikana kama Dapper Dan, alifungua duka lake kwenye Mtaa wa 125, Harlem, mjini New York, mwaka 1982. Duka lilikuwa wazi usiku na mchana, na mafundi wake wengi walikuwa Wasenegali. Nyumba za kifahari za wakati huo ziliuza zaidi mikoba na masanduku, na wauzaji wake hawakuwa wepesi kumkaribisha mteja mweusi hata akiwa na fedha mfukoni. Day akajifunza kuchapa nembo za Gucci, Louis Vuitton, Fendi na MCM juu ya ngozi, kisha akashona majaketi, suti na hata viti vya magari kulingana na vipimo na matakwa ya mteja. Wanamuziki wa hip-hop, mabondia na wafanyabiashara wa dawa za kulevya walimiminika kwake. Mwaka 1988 Mike Tyson alipigana ngumi na bondia mwenzake, Mitch Green, nje ya duka hilo, na habari hiyo ikawafanya wenye nembo kumfuatilia kwa karibu. Kesi na misako ya mawakili, wakiwemo wa Fendi, vilimlazimisha kufunga mwaka 1992.

Miaka ishirini na mitano baadaye, Mei 2017, Gucci ilionyesha mjini Florence jaketi lenye mikono iliyofura kama puto na kujaa nembo. Watu waliliweka mtandaoni kando ya picha ya jaketi ambalo Day alimshonea mwanariadha Diane Dixon mwaka 1989, na tofauti kubwa ilikuwa nembo tu: la Day lilibeba ya Louis Vuitton. Kelele zilipokuwa kubwa, Gucci ilikubali kushirikiana naye, na mwaka 2018 alifungua tena karakana Harlem, safari hii akitumia vitambaa vilivyotoka Gucci yenyewe.

Msomaji mmoja aliniuliza kama Day naye hakuwa mwizi, kwa kuwa alitumia nembo bila ruhusa. Nembo hazikuwa zake, na sheria ilikuwa upande wa wenye nembo. Lakini umbo la jaketi, ujazo wa mikono, wazo la kuipeleka nembo kutoka kwenye mkoba hadi mwili mzima, hayo yalikuwa yake. Louis Vuitton haikuwa na mkusanyiko wa nguo hadi ilipomwajiri mbunifu Marc Jacobs mwaka 1997, yaani miaka mitano baada ya duka la Harlem kufungwa. Mtu huyu aliwaonyesha soko ambalo wao hawakuliona, na malipo yake ya kwanza yakawa mahakama. Siwezi kuliita jambo hilo haki.

Suruali za kata K zina asili gani? (Msomaji, Morogoro)

Hizi ni suruali zinazovaliwa zikiwa zimeteremshwa chini ya kiuno. Maelezo yanayorudiwa zaidi yanazitaja jela za Marekani, ambako wafungwa hunyimwa mikanda na hupewa sare zisizowaenea. Jambo lililo wazi zaidi ni kwamba wanamuziki wa hip-hop wa miaka ya 1990 ndio waliozisambaza, pamoja na kampuni zilizoanzishwa na Wamarekani weusi wenyewe, kama FUBU ya Queens, New York, iliyoanza mwaka 1992. Suruali pana zinazouzwa sasa kwa wavulana na wasichana zina ukoo na zile, ila kiuno kimerudi mahali pake.

Ninaandika kutoka Bukavu. Kwa nini watu wa La Sape hawatajwi kila mitindo ya wanaume inapozungumzwa? (Msomaji, Kongo)

Wanapaswa kutajwa. La Sape, utamaduni wa wanaume wa Kongo wanaovaa kwa umaridadi mkubwa, ilikomaa Brazzaville, hasa mtaa wa Bacongo, na ng'ambo ya mto, Kinshasa. Mizizi yake inafika wakati wa ukoloni, lakini upande wa Kinshasa ulipata nguvu ya pekee chini ya Mobutu, ambaye miaka ya 1970 alipiga marufuku suti na tai za Kizungu na kuwataka wanaume wavae abakosti, lile koti la kola fupi lisilohitaji tai. Papa Wemba, aliyeanzisha bendi ya Viva la Musica mwaka 1977, alipanda jukwaani kwa mavazi ya wabunifu wa Ulaya na Japani, na vijana wa Matonge, mtaa wa Kinshasa, wakamfuata. Katika nchi ambayo serikali ilimwamulia mtu kola ya koti lake, kuvaa suti ya kupendeza kulikuwa na maana nzito.

Mchango wao mkubwa, kwa maoni yangu, ni nidhamu ya rangi. Kanuni yao ya kutozidisha rangi tatu katika vazi moja humwezesha mtu kuvaa suti ya waridi, au ya kijani kibichi, akaonekana ametulia. Mwingereza Paul Smith, baada ya kuona picha za watu wa Bacongo zilizopigwa na Mwitaliano Daniele Tamagni, alitengeneza mkusanyiko mzima wa wanawake kwa majira ya kuchipua ya mwaka 2010, wenye suti za rangi kali na kofia za mviringo, naye alikiri alikoutoa. Kukiri huko ni jambo jema na ni adimu. Bado ni haki kuuliza ni sehemu gani ya faida hurudi Bacongo pale mtaa wake unapopamba majukwaa ya London.

Je, mitumba ina nafasi yoyote katika historia hii, au ni takataka za wenzetu tu? (Msomaji, Arusha)

Ina nafasi kubwa. Vijana wa Seattle waliopiga granji, aina ya muziki wa roki, mwishoni mwa miaka ya 1980 walivaa mashati ya flaneli ya mirabaraba kwa sababu jiji lao lina baridi na mvua, na kwa sababu mashati hayo yalipatikana kwa bei ndogo katika maduka ya nguo zilizokwisha kuvaliwa. Nguo zinazobaki katika maduka ya aina hiyo ni sehemu ya shehena inayofungwa marobota na kufika katika masoko ya Karume, Dar es Salaam, au Gikomba, Nairobi, kwa hiyo mchaguaji wa Ilala na kijana wa Seattle wamepekua mafungu ya aina moja.

Novemba 1992 Marc Jacobs, akiibunia kampuni ya Perry Ellis, alionyesha shati hilohilo likiwa limetengenezwa kwa hariri iliyochapwa ili ionekane kama flaneli. Wakosoaji wengi walichukizwa, naye akafukuzwa kazi. Nguo alizowatumia wanamuziki wa granji Kurt Cobain na Courtney Love, kama Love alivyosimulia baadaye, ziliishia motoni. Mwaka 2018 Jacobs alizitoa tena nguo hizo kwa jina la kampuni yake, na safari hii zilipokewa kwa heshima. Wachaguaji wetu wa mitumba wana jicho la aina hiyohiyo kila alfajiri robota linapofunguliwa, na ningependa vyuo vya ubunifu viwaite kufundisha.

Mama anasema vijana wa zamani walisumbuliwa kwa ajili ya mavazi. Sasa pekosi, zile suruali pana chini, zimerudi na mimi ni fundi: nizingatie nini? (Msomaji, Tanga)

Mama yako anasema kweli. Mwaka 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, mawigi, dawa za kujichubua na suruali za kubana kuanzia Januari 1, 1969, na hata kabla ya tarehe hiyo kulikuwa na wasichana waliovamiwa mitaani Dar es Salaam. Hatukuwa wa kwanza. Juni 1943, mjini Los Angeles, mabaharia na askari waliwapiga na kuwavua nguo vijana, wengi wao wenye asili ya Meksiko, waliovaa suti pana za zoot wakati serikali ilikuwa imebana matumizi ya sufu kwa ajili ya vita. Katika visa vyote viwili mwili wa kijana ulibebeshwa ugomvi wa taifa zima, na hilo linaniuma kila nikisoma habari hizo.

Kuhusu kazi yako: suruali pana chini ilikuwa vazi la mabaharia, na vijana wa Marekani wa miaka ya 1960 waliinunua katika maduka yaliyouza mabaki ya nguo za jeshi. Pekosi nzuri hukaza nyonga na paja, kisha hupanuka kuanzia gotini. Kwa mteja mfupi anza kupanua vidole viwili au vitatu juu ya goti, ili mguu uonekane mrefu. Chagua kitambaa chenye uzito kidogo, kwa sababu chepesi hukunjamana kwenye kifundo badala ya kuning'inia. Usikate pindo kabla mteja hajavaa viatu atakavyotembea navyo, maana pekosi iliyopimwa kwa malapa itamwacha vifundo nje siku atakapovaa raizoni, yaani viatu vya soli nene.